Usaili wa Baba

Wiki iliyopita niliwaacha nimeshika pasi mkono mmoja, suruali ya baba mkono wa pili, na mdomo wazi. Wengine mmeniandikia mkisema mmeshajua nilichokiona ndani ya ile suruali: barua ya mwanamke, dawa za kulevya, pasipoti ya bandia. Jamani, mna mambo! Nilichokiona ni matundu ya sindano.

Mistari minne ya matundu ndani ya kiuno, kila mmoja umeingia zaidi ya mwenzake.

Mtu ambaye hakulelewa na fundi cherehani angeyapita tu. Mimi nimekulia chini ya meza ya kukatia nguo, nikiokota vifungo. Najua suruali iliyobanwa mara moja inakuwaje. Hii ilikuwa imebanwa mara nne, na baba aliishona mwaka jana tu, siku matokeo yangu yalipotoka.

Nikalichukua shati lake. Limepunguzwa ubavuni. Nikalishusha koti ukutani, nikaligeuza. Kwapa zimefumuliwa na kushonwa upya, kwa mshono laini wa mtu hodari. Nikakaa kitandani.

Aliyekonda watu humjua kwa nguo kumpwaya. Za baba hazikumpwaya hata siku moja. Kila mwili wake ulipopungua, alisubiri nilale au niende shule, akakaa kwenye cherehani akazifuatisha. Mimi niliyejiita daktari tangu darasa la tano nilikuwa nakula naye meza moja, na sikuona kitu.

Kwa wewe unayeanza kusoma leo: nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeitwa usaili wa chuo cha udaktari nchi ya mbali. Kwa kuwa sikuwa nimetimiza kumi na minane, ubalozi ulikataa kunipa viza bila mzazi wa kunisindikiza. Mama alitutoka nikiwa na miaka tisa. Mzazi niliyebaki naye ndiye huyo, mtaani wakimwita Fundi Futi kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Tulikuwa nyumba ya wageni, ghorofa ya tatu, vitanda viwili na dirisha moja. Saa ilikuwa moja na nusu asubuhi. Usaili ulikuwa saa tatu.

Mlango wa bafu ukafunguliwa. Baba akatoka kifua wazi, taulo kiunoni.

"Suruali imenyooka?"

Siku zote alikuwa akitoka bafuni amevaa kamili. Leo nguo zilikuwa kwangu. Nikaziona mbavu zake kwa mara ya kwanza, nikazihesabu bila kutaka.

"Baba, umekonda."

"Nani, mimi? Hewa ya ndege hiyo, inanyonya."

"Mara nne, Baba." Nikamgeuzia kiuno cha suruali.

Akaitazama. Mwingine angebabaika. Yeye akasogea, akainama, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Huu wa tatu umepinda kidogo," akasema. "Umeme ulikatika."

Sikucheka. Nikamimina maji kwenye glasi, nikampa.

"Kunywa."

"Sina kiu."

"Kunywa nikuone."

"Tangu lini mtoto anamnywesha baba yake maji kwa lazima?"

"Tangu leo."

Akanywa funda moja. Mishipa ya shingo ikamsimama. Akafumba macho, akapiga kifua kidogo kwa ngumi, na maji yote yakarudi puani. Akajifuta kwa ncha ya taulo taratibu, kama mtu anayefuta vumbi mezani.

"Tangu lini, Baba?"

"Miezi saba hivi."

"Hospitali wamesemaje?"

Akaenda kwenye begi lake, akafungua jalada la pasipoti, akatoa kadi iliyokunjwa. Nikaikunjua. Saratani ya koo la chakula. Chini yake wameandika kwa kalamu nyekundu: alazwe kwa ajili ya upasuaji. Na tarehe.

Nikaisoma tarehe mara mbili. Ilikuwa juzi, siku tuliyopanda ndege.

"Baba! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuja?"

"Nisingekuja!"

"Basi umejijibu mwenyewe."

Nitasema ukweli, nilimkasirikia. Nilimfokea baba yangu mzazi kama mtoto aliyevunja sahani. Nikamwambia ana kichwa kigumu, nikamwambia mficha maradhi kilio humuumbua, nikamwambia ameniua. Alisimama na taulo lake akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Bado miezi mitatu tu ningetimiza kumi na minane. Ningekuwa nimeitimiza, ningesafiri peke yangu, na yeye angekuwa amelala kwenye kitanda chake cha hospitali. Hilo ndilo lililonichoma, na mpaka leo linanichoma.

"Vaa," nikasema. "Tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Usaili kwanza."

"Hakuna usaili!"

"Mwanangu." Akaichukua suruali mikononi mwangu, akaivaa, ikamkaa sawasawa. "Kitanda changu kule ameshapewa mtu. Huyo hanyanyuki kwa sababu wewe umelia. Sasa na kiti chako cha hapa nacho tukiache? Tutakuwa tumekuja kufanya nini?"

Nikamnyooshea shati.

"Ukitoka tu mle ndani, nitakwenda hospitali yoyote unayotaka. Lakini uape. Usiwaambie naumwa. Wakijua mzazi wako ni wa leo au kesho, watasema huyu ataacha masomo katikati akazike. Apa."

Nikaapa, huku machozi yakinichuruzika mpaka kidevuni.

"Haya, ndiyo mtoto huyo. Na wakiniita mimi, nitajibu vizuri. Nimeshajiandaa."

"Baba, huku wazazi hawahojiwi."

"Hayo wewe huyajui."

Msimcheke. Nilipokwenda kuanza sekondari, mkuu wa shule alianza na wazazi. Aliwauliza wanakula nini, wanalala saa ngapi, nani anaumwa nyumbani. Mzazi aliyejibu ovyo alirudi na mtoto wake na mkoba wake. Baba alipita siku ile, na akaweka kichwani kwamba shule kubwa yoyote ni hivyo. Ndani ya ndege nilimsikia akinong'ona majibu peke yake.

Saa tatu kasoro kumi tulikuwa chuoni. Ukumbi mrefu unaonuka nta ya sakafu, milango minne yenye namba, na mwisho wa ukumbi chumba cha vioo cha wazazi, chenye viti, birika la chai na sahani ya biskuti. Mwanamume mmoja mwenye kengele na orodha akatubandika namba vifuani. Akaeleza kwa lugha yao: vyumba vinne, kengele ikilia unaingia, na asiyekuwa kitini kengele ikinyamaza anakatwa jina. Lugha ile niliijua ya vitabuni. Baba hakujua hata salamu yake. Akaenda kukaa kwenye chumba cha vioo, mgongo wima, mikono magotini.

Chumba cha kwanza waliniuliza kwa nini udaktari. Nikajibu nilichokariri. Cha pili wakanipa mahesabu ya dozi. Nikayafanya, sijui hata kwa kichwa cha nani.

Chumba cha tatu kilikuwa na mzee mmoja amekaa kitini. Si mgonjwa kweli, ni mwigizaji, wote tulijua. Pembeni alikaa msaili, mama wa makamo mwenye nywele fupi, zote mvi, bingwa wa upasuaji wa koo na tumbo. Nitamwita Daktari Mvi.

"Huyu anasema hapati usingizi," akaniambia. "Una dakika tano. Zungumza naye, kisha uniambie umeona nini."

Yule mzee akaanza hadithi ya kitanda kibovu na majirani wenye makelele. Sikumsikia. Nilikuwa natazama kiuno chake. Suruali imekunjamana mbele, mkanda umevutwa mpaka tundu la mwisho, na tundu lenyewe si la kiwandani. Limetobolewa na msumari.

"Mzee," nikamkatiza, "hilo tundu la mkanda ulilitoboa lini?"

Mwigizaji akamtazama msaili.

Daktari Mvi akaweka kalamu chini. "Tangu juzi wamepita hapa watu thelathini na mmoja. Wote wamemwambia abadilishe godoro. Hakuna aliyeuona mkanda. Umejifunzia wapi kutazama hivyo?"

Hapo ndipo ningesema nasoma sana, napenda watu, nina bidii. Majibu yote yalikuwepo. Lakini nilichosikia kikinitoka ni hiki:

"Leo asubuhi."

Nikalia. Mbele ya msaili, mbele ya mwigizaji, nikalia kwikwi. Kiapo cha saa moja na nusu hakikufika saa nne. Nikamweleza matundu, maji ya puani, kadi, tarehe. Nikamwambia nafasi ampe amtakaye, mimi nataka amwone baba yangu.

Yule mzee mwigizaji akanipa leso yake. Ilikuwa ya kweli.

Daktari Mvi aliniacha nimalize. Kisha akatazama saa.

"Kabla ya chumba cha nne kuna mapumziko ya dakika kumi na tano. Sina ruhusa ya kutibu mtu ndani ya usaili. Lakini kunywa chai na wazazi hakuna aliyenikataza. Njoo, utanitafsiria."

Tulipotokea kwenye kioo, baba alituona. Akamtazama yule mama, koti lake jeupe, kitambulisho chake. Akanyanyuka, akafunga vifungo vya koti.

"Si nilikwambia?" akaninong'oneza, uso umemng'aa. "Si nilikwambia wataniita?"

"Baba, siyo hivyo, huyu ni..."

"Nyamaza, utaniharibia!"

Daktari Mvi akakaa mbele yake. "Muulize amelalaje."

"Mwambie nimelala kama mfalme," baba akajibu. "Mwambie ukoo wetu una afya. Bibi yangu alikufa na meno yake yote."

Sikutafsiri. Nikamwambia daktari: "Anaficha. Anadhani unamsaili."

Daktari akanitazama, kisha akamtazama baba, muda mrefu kidogo. "Muulize kama anakula."

"Kila kitu. Hata kokoto nasaga!"

Nikageuza: "Nadhani hajameza kitu kigumu kwa miezi mingi. Leo hata maji yamerudi."

Baba akakunja uso. "Mbona ndefu? Mimi nimesema maneno matano."

"Lugha yao ndefu, Baba."

Alinijua. Fundi anayekaa na wateja miaka thelathini humjua mwongo kabla hajakaa. Akauona na uso wa daktari umejaa huruma, na huruma kwake ilikuwa na maana moja tu: tunaanguka. Akanyoosha mkono kwenye sahani, akachukua biskuti.

"Nitamwonyesha mwenyewe."

"Baba, acha. Baba, tafadhali!"

Akaimega nusu, akaitia mdomoni, akaanza kutafuna. Alitafuna akimtazama daktari na kutabasamu, kama mtu aliyealikwa harusini. Akatafuna mpaka hapakuwa tena na cha kutafuna. Kisha akameza.

Nikaona ikishuka, nikaona ikikwama. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Mikono akaipeleka nyuma, akaishikanisha, na macho yakamjaa maji, na akabaki amesimama wima hivyo hivyo akisubiri swali linalofuata.

"Tema, Baba. Mungu wangu, tema!"

Akatikisa kichwa. Kwa ajili yangu alikuwa tayari kufa wima na biskuti kooni.

Daktari Mvi aliruka kutoka kitini. Akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja, mara mbili, mara tatu. Ikatoka kwenye ile leso ya mwigizaji niliyomkingia, na damu ikatoka nayo. Baba akaikunja leso haraka, akaitia mfukoni, akadhani hatujaona.

"Vumbi la biskuti," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Mwambie ni tamu sana."

Daktari alimshika bega, akapitisha vidole shingoni, akashuka taratibu mpaka juu ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa kutoka shingoni kwenda begani. Hapo vidole vikasimama. Vikarudi, vikabonyeza, vikasimama tena. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua vimekuta nini.

"Kuna uvimbe mgumu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nitahitaji vipimo ili niwe na uhakika, lakini kazi hii nimeifanya muda mrefu. Saratani ikishafika hapa, kisu hakisaidii tena. Hata hiyo juzi kisingesaidia. Nataka ulijue hilo."

Alidhani ananipunguzia mzigo. Nilihisi sakafu imeondoka.

"Jioni hii nitampokea wodini kwangu. Tutamwekea mrija ili apate kumeza, na dawa ya maumivu. Kupona, hapana. Mwambie sasa. Ni mwili wake, ana haki ya kujua."

Baba alikuwa akitutazama kwa zamu, mimi kisha daktari, kama anayefuatilia mpira.

"Anasemaje?" akauliza. "Tumepita?"

Wasomaji wangu, mimi nilitaka kuwa daktari ili niwe mtu wa kuwaambia watu ukweli. Niliandika hivyo kwenye fomu, kwa mkono wangu. Sasa ukweli wa kwanza nilioletewa ulikuwa huo, na wa kuambiwa alikuwa amesimama mbele yangu na chembe za biskuti kwenye kifungo cha koti.

"Tumepita, Baba."

Akafumba macho. Midomo ikamcheza. Akaukamata mkono wa daktari kwa mikono yake yote miwili, akautikisa na kuutikisa.

"Mwambie ahsante. Mwambie Mungu amzidishie. Mwambie mama yake huyu mtoto angekuwepo, angepiga vigelegele mpaka wamfukuze."

"Umemwambia?" daktari akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Uongo wa pili huo, na dakika haijaisha.

Baba akakaa. Hakukaa kama siku zote, alijishusha kwa mkono mmoja kwenye kiti, kama mzee wa miaka tisini. Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Haya," akasema. "Sasa naweza kuumwa."

"Nini, Baba?"

"Ninaumwa, mwanangu. Ninaumwa sana. Hapa panawaka moto, usiku na mchana, nikawa nauma mto usinisikie. Nilijiambia tu, apite kwanza. Apite kwanza."

Akaniegemea begani, akatoa mguno ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Miezi saba aliubana kifuani, na sasa ulitoka wote. Nikamkumbatia. Hakuwa na uzito. Nikamwambia nimekusikia, Baba, nimekusikia, nikilia kwenye nywele zake. Daktari Mvi akageukia dirishani, akavua miwani.

Kengele ikalia.

Mlango wa vioo ukasukumwa. Yule mwanamume wa orodha akaingia, akapitisha macho kwenye vifua vya watu, akayasimamisha kwangu. Akasema chumba cha nne, cha mwisho, haraka. Kengele ilikuwa bado inalia nyuma yake. Akaninyooshea kidole, na kidole hakihitaji mkalimani.

Mikono yangu ilikuwa imemzunguka baba. Nikimwachia, namwacha katika saa yake mbaya kuliko zote. Nisipomwachia, kile nilichomwambia kinabaki uongo mpaka kaburini.

Baba akainua kichwa begani kwangu. Akamtazama yule mtu, akakitazama kidole, akanitazama mimi. Yale macho ya kupima nguo.

"Mwanangu," akasema polepole, "kama tumepita, mbona anakuita tena?"